Mzigo wa Msafiri Hupimwa Nyumbani

Mtu akitaka kujua jinsi jamaa zetu wanavyompenda msafiri wao, na aende asubuhi katika kiwanja cha ndege cha Bunia. Hapo atawaona baba na mama, mashangazi na wajomba, wakimsindikiza kijana mmoja mwenye sanduku lake moja na mafurushi manne ya watu wengine. Kisha sanduku lawekwa juu ya mizani, hesabu yatokea, na karani atamka neno fupi: "Imezidi." Hapo furaha yageuka fadhaa. Kamba zafunguliwa mbele ya umati, nguo na samaki wakavu vyatandazwa sakafuni, mama aona haya, kijana apekua mifuko yake akitafuta dola ambazo hana. Mwisho wake, ama unga wa mihogo warudishwa nyumbani, ama fedha zilizowekwa kwa ajili ya siku za kwanza za ugenini zalipwa papo hapo.

Jambo hili twaliona mara nyingi. Wengine hulilaumu shirika la ndege, wengine karani, wengine mizani yenyewe. Sisi twasema kwamba kosa aghalabu si la mizani. Kosa lilitendeka usiku uliotangulia, huko nyumbani, ambapo kila jamaa alileta kitu chake na hapakuwa na mtu aliyethubutu kusema: "Yatosha." Kwa hiyo twataka leo kuyaeleza mambo ya mizigo ya ndege kwa taratibu: kwa nini kilo huhesabiwa, fedha hutozwaje, vitu gani havipandi ndegeni, na msafiri ana haki gani mzigo wake ukipotea.

JAMAA ZILIZOTAWANYIKA

Mtu wa mbali aweza kuuliza: Je, habari za ndege zawahusu nini watu wa Bogoro, walio wakulima na wafugaji? Zawahusu sana. Bogoro iko karibu kilometa 25 kutoka Bunia, katika barabara iteremkayo kwenda Kasenyi, ufukoni mwa Ziwa Albert. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji hicho kilishambuliwa. Watu wengi waliuawa, nyumba zilichomwa moto, na waliosalia walitawanyika. Kesi ya shambulio hilo ilifika mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, nayo ilimtia Germain Katanga hatiani mwaka 2014. Wala vita vya Ituri havikuwa vya kijiji kimoja, wala vya kabila moja. Watu wa kila upande walikimbia. Wengi walivuka ziwa wakaingia Uganda, ambako makazi ya Kyangwali yamewapokea Wakongo kwa maelfu. Na kutoka kambi za namna hiyo jamaa nyingi zimepelekwa kuishi Marekani, Kanada na nchi nyingine. Hata ndani ya Kongo yenyewe, hatari za barabara zimewafanya watu wengi wa Ituri wapande ndege, watu ambao zamani wangalipanda lori.

Basi leo ni nyumba chache zisizo na mtu wa mbali. Binti yuko Kampala, ndugu yuko Kinshasa, mjomba yuko ng'ambo ya bahari. Msafiri mmoja akiondoka, jamaa zote wataka kumtumia yule wa mbali salamu inayoshikika mkononi: samaki wa Kasenyi, samli, kitenge, mkeka, picha ya marehemu bibi. Hatusemi neno dhidi ya upendo huo. Twasema tu kwamba upendo nao wahitaji kipimo, kwa maana ndege ina kipimo chake.

NDEGE SI LORI

Dereva wa lori akijaza magunia kupita kiasi, gari lake huenda polepole, labda likwame matopeni. Watu watashuka, watasukuma, na safari itaendelea. Ndege haisukumwi na mtu.

Kila ndege ina uzito ambao haina ruhusa kuupita wakati wa kuruka. Tuchukue mfano wa Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayotumiwa sana na mashirika ya misioni na ya misaada katika mashariki ya Kongo. Ile ya umbo refu haipaswi kupita kilo 3,970 hivi wakati wa kuruka. Ndani ya hesabu hiyo umo uzito wa ndege yenyewe, rubani, mafuta, abiria na mizigo yote. Lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa gramu 800 hivi. Basi mizigo ikiongezeka, hapana budi kitu kingine kipungue: ama abiria mmoja ashuke, ama mafuta yapunguzwe. Nani apendaye kuruka juu ya msitu wa Ituri na mafuta haba? Ndiyo sababu katika ndege ndogo msafiri mwenyewe hupandishwa juu ya mizani pamoja na furushi lake. Hilo si tusi wala dharau, bali ni hesabu ya rubani.

Tena Bunia ni nchi ya juu. Kiwanja chake kiko zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mahali palipoinuka hewa huwa nyepesi, na jua la adhuhuri huizidisha wepesi. Katika hewa nyepesi mabawa hayapati tegemeo kama kule pwani, na injini nayo hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo ndege ileile iwezayo kuchukua mzigo fulani ufukoni mwa bahari, haiwezi kuuchukua wote ikiruka kutoka nchi ya juu wakati wa joto.

Wala uzito peke yake hautoshi; pana pia jambo la ulinganifu. Wavuvi wa Kasenyi walijua jambo hili kabla ya ndege kuonekana angani: mtumbwi uliolemezwa upande mmoja hupinduka, ingawa mzigo wake si mkubwa. Ndege nayo ni vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo mizigo hupangwa na kufungwa, na abiria huambiwa mahali pa kuketi.

Nchi yetu imelipa ada kali kwa ajili ya kujifunza somo hili. Tarehe 8 Januari 1996, huko Kinshasa, ndege ya mizigo aina ya Antonov 32, iliyojazwa kupita kiasi, ilishindwa kupaa kutoka kiwanja cha Ndolo, ikaingia kwa nguvu katika soko la Simbazikita. Watu zaidi ya 200 walikufa, nao karibu wote walikuwa ni watu wa sokoni, ambao hawakuwa na tikiti wala mzigo ndegeni. Tena tarehe 25 Agosti 2010, ndege ndogo aina ya Let 410 ilianguka ilipokaribia kutua Bandundu. Katika watu 21 alipona mmoja tu. Huyo alisimulia kwamba abiria fulani alikuwa amemficha mamba ndani ya mfuko. Mamba akatoka, watu wakaogopa wakakimbilia mbele wote pamoja, na ndege ikapoteza ulinganifu wake. Mfuko mmoja uliofichwa, na roho 20 zikapotea!

Basi karani asemapo "Imezidi", tusimwone mara moja kuwa adui. Lakini pia tujue hesabu yake, ili asituonee.

NAMNA MBILI ZA KUHESABU

Mashirika ya ndege huhesabu mizigo kwa namna mbili, na watu wengi hupoteza fedha kwa kuzichanganya.

Namna ya kwanza ni ya uzito. Tikiti yasema, mathalani, kilo 20 au kilo 30. Hapo msafiri aweza kuzigawa kilo zake katika sanduku moja au mawili, maadamu jumla yake haizidi. Namna hii ni ya tangu zamani. Katika miaka ya 1950 na 1960 desturi ya mashirika makubwa ilikuwa kumruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 20, na wa daraja la kwanza kilo 30.

Namna ya pili ni ya idadi. Tikiti yasema: sanduku moja, au masanduku mawili, kila moja lisipite kilo 23. Hapa ndipo penye mtego. Tuseme msafiri ana masanduku mawili, moja la kilo 28 na moja la kilo 15. Jumla ni kilo 43, nayo ni chini ya kilo 46. Yeye adhani yu salama. Kumbe sivyo! Sanduku la kwanza limepita kilo 23, naye atatozwa kwa ajili yake, ingawa la pili lina nafasi tele. Dawa yake ni rahisi, tena haina gharama: ahamishe kilo 5 kutoka sanduku zito kwenda lile jepesi. Lakini afanye hivyo nyumbani, juu ya mkeka, si kiwanjani katikati ya watu.

Pana mpaka mwingine ambao mara nyingi hauvukwi hata kwa kulipa: sanduku moja lisipite kilo 32. Sheria hii ililetwa kwa kuihurumia migongo ya wapakiaji. Wazee wetu hawangeistaajabia. Katika misafara ya zamani iliyotoka pwani, mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kwa kawaida ratili 60 hadi 70. Na ratili 70 ni frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Njia imebadilika, lakini mgongo wa mwanadamu ni uleule.

Ukubwa nao hupimwa. Mashirika mengi yataka urefu, upana na kimo cha sanduku vikijumlishwa visipite sentimeta 158. Ngoma kubwa au baiskeli itakuwa na masharti yake. Mfuko wa mkononi mara nyingi ni kilo 7, ingawa mashirika mengine huruhusu zaidi na mengine hupungukia hapo. Wala mtu asidhani kwamba mfuko huo haupimwi. Siku hizi hupimwa mlangoni pa ndege pia, na faini ya mlangoni ndiyo kali kuliko zote.

FEDHA ZA ZIADA

Kwa miaka mingi bei ya tikiti ilikuwa ni ya mtu na sanduku lake. Mambo yaligeuka hasa mwaka 2008, wakati bei ya mafuta ilipopanda sana. Tarehe 15 Juni mwaka huo shirika la American Airlines lilianza kuwatoza wasafiri wengi wa ndani ya Marekani dola 15 kwa sanduku la kwanza, na mashirika mengine yakafuata. Hata Southwest, lililosifiwa kwa kuchukua masanduku mawili bure, liliiacha desturi hiyo tarehe 28 Mei 2025. Jamaa zetu waliohamia kule na wasikie: ndege ya mwisho, ile ya kutoka mji mkubwa kwenda mji mdogo, yaweza kudai fedha ambazo ndege ya kuvuka bahari haikudai.

Kwa hiyo tikiti rahisi si rahisi sikuzote. Tuseme ziko tikiti mbili: ya kwanza ni dola 180 bila sanduku, na ya pili ni dola 210 pamoja na sanduku la kilo 23. Mtu mwenye pupa atachukua ya kwanza, akijisifu kwamba ameokoa dola 30. Kiwanjani ataambiwa kwamba sanduku ni dola 50; naye amekwisha kulipa 230. Yafaa tumwulize muuzaji maswali matatu kabla ya kutoa fedha: Je, tikiti hii ina sanduku? Kilo ngapi? Kilo za ziada ni bei gani leo, na ni bei gani siku ya safari? Mashirika mengi huuza nafasi ya mzigo kwa bei nafuu kabla ya siku ya safari, na kwa bei kubwa mbele ya mizani. Kuuliza si ujinga.

Tena tusichanganye malipo. Iko kodi ya kiwanja iitwayo Go-Pass, iliyoanzishwa nchini Kongo mwaka 2009 kwa ajili ya kutengeneza viwanja vinavyosimamiwa na Régie des Voies Aériennes. Kodi hiyo si fedha ya mzigo, wala haipunguzwi kwa sababu mtu ana sanduku dogo. Mtu apange fedha za kila jambo mbali, na kwa kila malipo adai hati. Mtu akiambiwa alipe bila hati, asimame palepale na kuomba kwa adabu aonyeshwe bei iliyoandikwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

SAFARI YA NDEGE MBILI

Msafiri wa kutoka Bogoro aendaye ng'ambo kwa kawaida hapandi ndege moja. Mashirika yaliyosajiliwa Kongo yamo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenda nchi zake. Basi aendaye Ulaya hana budi kubadili ndege mahali fulani, labda Kinshasa, Entebbe au Addis Ababa.

Hapa pana tofauti kubwa sana. Ikiwa safari yote imeandikwa katika tikiti moja, kwa kawaida sheria moja ya mizigo hutumika mpaka mwisho, na sanduku hupokewa mara moja tu. Lakini ikiwa ni tikiti mbili zilizonunuliwa mbalimbali, kila shirika litatumia sheria yake lenyewe. Masanduku mawili ya kilo 23, yaliyo halali katika ndege kubwa, yaweza kuwa mzigo wa kupindukia katika ndege ndogo itokayo Bunia. Tena katikati ya safari msafiri atalazimika kuyachukua masanduku yake, kuyapitisha forodhani, na kuyapimisha upya. Basi yeye afuate kilo za ile ndege iliyo ndogo kuliko zote katika safari yake. Mnyororo hukatika penye pete nyembamba.

Nao wakimbizi wanaosafirishwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, hupewa mfuko wenye chapa ya shirika hilo, na ndani yake mna hati zao. Mfuko huo usifungwe kamwe ndani ya sanduku la chini. Ukae mkononi mwa mkubwa wa jamaa tangu kuondoka mpaka kufika.

VITU VISIVYOPANDA

Kuna vitu ambavyo hata gramu moja haikubaliwi, na kuna vitu vyenye mahali pake. Tuvitaje vile vinavyowasumbua watu wetu zaidi.

Petroli, mafuta ya taa, mitungi ya gesi, fataki na dawa kali za kuchubua havipandi kabisa. Jiko la mafuta lililotumika, hata likiwa tupu, laweza kukataliwa kwa harufu yake.

Betri ya akiba ya kuchajia simu iende mkononi, isiwekwe katika sanduku la chini, kwa kuwa ikishika moto mle chini hakuna wa kuuona. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100. Betri iliyoandikwa 20,000 mAh, ya volti 3.7, ina wati-saa 74, nayo hukubaliwa na mashirika mengi.

Vinywaji, mafuta na vitu vya majimaji vilianza kuzuiwa mkononi mwaka 2006, baada ya kugunduliwa njama ya kulipua ndege zilizotoka Uingereza. Kanuni iliyoenea ni chupa zisizopita mililita 100 kila moja, zote ndani ya mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha ndani. Viwanja vingine vimelegeza kanuni hiyo, lakini msafiri asibahatishe. Bidoni ya mawese iende chini, imefungwa vizuri sana. Ikivuja, itaharibu mizigo ya watu wengine, na deni litakuwa lake.

Chakula kina sheria za nchi aendayo mtu, si za ndege peke yake. Umoja wa Ulaya haukubali msafiri wa kutoka kwetu kuingiza nyama wala vitu vya maziwa. Basi samli ya mama na nyama kavu zitatupwa mbele ya macho yake. Lakini samaki wakavu au waliookwa kwa moshi, kwa matumizi ya nyumbani, huruhusiwa mpaka kilo 20. Ndizi na nanasi hazihitaji hati ya afya ya mimea, ila matunda mengine mengi huihitaji. Basi jamaa wakitaka kumtumia ndugu wa Ubelgiji kitu cha kwao, samaki wa Ziwa Albert anafaa kuliko samli. Nyama ya mwituni isichukuliwe kabisa. Wala ngozi ya okapi, mnyama wa misitu yetu alindwaye na sheria, wala pembe ya ndovu hata ikiwa kikuku kidogo tu. Mambo hayo humpeleka mtu gerezani.

Hata mfuko wa plastiki wa kufungia viatu una sheria yake. Rwanda iliukataza mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Apitaye huko afunge vitu vyake katika kitambaa au kikapu.

MZIGO WA MWENZIO

Methali yasema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, uzito wa mzigo wa mwingine hatuuhisi. Ndivyo ilivyo kwetu usiku wa kuagana. Jirani aleta kifurushi: "Ni kidogo tu, mwanangu, kilo mbili." Mwingine aleta kopo lililozibwa. Wa tatu aleta bahasha kwa rafiki ambaye msafiri hamjui. Kila mmoja asema ni kidogo, na vidogo kumi vyafanya kilo 20.

Lakini hatari ya fedha ni ndogo ikilinganishwa na ile nyingine. Karani huuliza: "Je, mzigo huu umeufunga mwenyewe?" Swali hilo si la mchezo. Kitu kiovu kikionekana ndani ya kopo, liwe na dawa za kulevya au dhahabu isiyo na hati, atakayeshikwa ni yule mwenye sanduku. Kusema "Nilipewa na mama fulani wa jirani" hakumfungulii mlango. Vijana wema wameharibikiwa na maisha kwa sababu waliona haya kumfungua mkubwa wao furushi. Kwa hiyo twashauri desturi moja katika kila nyumba: kila kinachotumwa kifunguliwe mbele ya wote, kitazamwe, kisha kifungwe na msafiri mwenyewe. Mzee mwenye nia njema hatachukizwa. Na achukizwaye, mzigo wake ubaki.

MZIGO UKIPOTEA

Msafiri anazo haki pia, na wengi hawazidai kwa kuwa hawazijui. Sheria kubwa ya safari za kimataifa ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao nchi nyingi zimeukubali, Kenya na Tanzania zikiwamo. Kwa mkataba huo shirika la ndege huwajibika mzigo ukipotea, ukiharibika au ukichelewa. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 mpaka wa fidia ni SDR 1,519 kwa kila abiria. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni dola 2,000 hivi. Si kwamba kila mtu hupewa zote; hulipwa kadiri ya hasara anayoionyesha. Mwenye vitu vya thamani kubwa zaidi aweza kuitangaza thamani yake mwanzoni na kulipa nyongeza.

Lakini haki hiyo ina siku zake. Mzigo ulioharibika ushitakiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokewa. Uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Usioonekana kwa siku 21 huhesabiwa kuwa umepotea. Na daawa mahakamani haipokewi tena baada ya miaka 2. Basi mtu asitoke katika ukumbi wa kuwasili kabla ya kuandikisha shauri lake kwenye meza ya mizigo na kupewa nakala. Ile karatasi ndogo yenye namba, inayobandikwa kwenye tikiti sanduku lipokewapo, ndiyo shahidi wake wa kwanza; asiitupe.

Tena fedha, miwani, dawa za mgonjwa, vyeti vya shule na pasipoti visiwekwe katika sanduku la chini. Mashirika mengi huandika katika masharti yao kwamba hayawajibiki kwa vitu hivyo. Sanduku likichelewa siku tatu, nguo zaweza kuazimwa. Dawa ya kisukari haiazimwi.

BARAZA LA JIONI MOJA

Tumalizie kwa shauri la vitendo. Wiki moja kabla ya safari, si usiku wa mwisho, jamaa wakae pamoja jioni moja. Msafiri asome tikiti kwa sauti: kilo ngapi, masanduku mangapi, ndege ngapi. Kutoka kilo zile watoe kwanza uzito wa sanduku tupu, ambalo peke yake laweza kuwa kilo 4 au 5. Kisha watoe vitu vya msafiri mwenyewe, kwa maana yeye ndiye atakayeona baridi huko aendako. Kinachobaki ndicho cha zawadi, nacho kigawanywe kwa haki: shangazi kilo 1, babu nusu kilo, jirani salamu za mdomo. Kazi ya kusema "Yatosha" asiachiwe kijana, kwa kuwa kijana hawezi kuwanyima wakubwa wake bila kuonekana hana adabu. Ni kazi ya baba au ya mama, au ya mkubwa mwingine anayeheshimiwa nyumbani.

Mizani nayo haikosekani. Mnunuzi wa maharagwe au wa kahawa anayo, na mahali pengine zahanati inayo. Sanduku lipimwe, lipunguzwe, lipimwe tena, na libaki kilo 1 chini ya mpaka, kwa kuwa mizani mbili hazipatani daima. Jina la msafiri na namba ya simu viandikwe nje na ndani ya sanduku.

Nyumba itakayofanya hivyo haitafungua kamba mbele ya umati. Mama atamwaga mwanawe akiwa ametulia, na zile dola za siku za kwanza zitafika ugenini pamoja na mwenyewe. Naye ndugu wa mbali, akipokea samaki wawili badala ya kumi, atawala kwa furaha ileile, akijua kwamba hawakumgharimu mletaji machozi.